Moto wa Askari Usile Mshahara Wake

Na Ofisa Uhusiano wa Jeshi

Askari yeyote aliyepata mafunzo anajua ya kuwa kikosi kinachofyatua risasi ovyo usiku hukutwa na alfajiri kikiwa mikono mitupu. Kwa sababu hiyo mkufunzi hamruhusu kuruta kupiga risasi asiyoweza kuitolea hesabu. Lakini askari huyo huyo aliyefunzwa kuhesabu risasi, akirudi kota jioni, hukuta sigiri imejazwa makaa hadi ukingoni, sufuria ya maharagwe iko wazi ikifoka mvuke, na chakula kikiisha kuiva makaa yaendelea kuwaka bure hadi usiku mwingi. Hapo hakuna anayehesabu.

Nia yetu katika makala haya ni kuwaomba ndugu zetu wa jeshi na polisi, pamoja na mabibi na mabwana wao wa nyumbani, tuihesabu pia risasi hii ya jikoni. Tunazungumza juu ya makaa, kuni, mafuta ya taa, gesi na umeme, yaani vyote vinavyotupa moto wa kupikia na wa kuota.

Tutoe mfano. Tuseme nyumba moja ya kambini hutumia makaa ya shilingi 4,000 kwa siku. Kwa siku 30 ni shilingi 120,000. Nyumba hiyo ikipunguza robo tu, itabakiwa na shilingi 30,000 kila mwezi, na kwa mwaka mzima shilingi 360,000. Fedha hizo hazikutoka kwa mkopeshaji wala hazikusubiri nyongeza ya mshahara. Zilikuwamo jikoni siku zote, zikipaa pamoja na mvuke.

SOMO KUTOKA NCHI ZA BARIDI

Watu waliolazimika kujifunza jambo hili kwa shida ni wenyeji wa nchi za baridi. Huko nyumba nyingi hutiwa joto kwa mafuta, ambayo huletwa kwa gari, hujazwa katika tangi la nyumbani, kisha huchomwa katika tanuri linalopeleka joto katika kila chumba. Mwezi wa Oktoba 1973, vita vilipozuka Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu zenye mafuta zilizikatia baadhi ya nchi za Magharibi bidhaa hiyo. Pipa lililokuwa likiuzwa kwa dola 3 hivi lilifikia karibu dola 12 mwanzoni mwa mwaka 1974.

Mwezi wa Novemba 1973 Rais Richard Nixon wa Marekani aliwaomba wananchi wake wapunguze joto la nyumba zao kwa nyuzi 6 za Farenihaiti. Rais Jimmy Carter naye, mwezi wa Februari 1977, alitokea kwenye televisheni akiwa amevaa sweta la sufu, akawaomba wasizidishe joto la nyumbani kupita nyuzi 65 mchana, yaani kama 18 za Selisiasi, na 55 usiku. Taifa lenye nguvu nyingi lilifundishwa kuvaa sweta.

Wenye nyumba hao hawakuwa na uwezo wa kuishusha bei ya mafuta. Walichoweza kufanya ni kuchunguza mahali joto linapovujia. Waliziba nyufa za madirisha, wakatandika sufu ya kuzuia joto juu ya dari, wakasafisha tanuri lililojaa masizi. Juhudi zao zote twaweza kuzikusanya katika maswali matatu. Je, moto unaungua sawasawa? Je, joto linafika mahali linapotakiwa? Je, joto likiisha kufika, linakaa?

Maswali hayo matatu yanaifaa sigiri ya Nsambya kama yalivyolifaa tanuri la Boston.

KWA NINI YATUHUSU SISI

Uganda haina bahari. Mafuta yetu mengi hupitia Kenya, na barabara ya kutoka Mombasa hadi Kampala hupita kilomita 1,100. Mwanzoni mwa mwaka 2008 ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya zilipoifunga njia hiyo, vituo vyetu vya mafuta vilikauka. Mwezi wa Januari 2022 malori yalipopanga foleni ndefu mpakani Malaba na Busia, kwa sababu ya mgogoro wa madereva juu ya vipimo vya korona, bei ilipanda tena kwa ghafula. Nyumba iliyozoea kutumia kidogo iliumia kidogo. Iliyozoea kumwaga iliumia sana.

Upande wa makaa nao una habari yake. Mwezi wa Mei 2023 Rais alitoa amri ya kupiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara katika sehemu za kaskazini mwa nchi, kwa kuwa misitu ilikuwa ikiteketea. Utekelezaji wa amri hiyo uliwaangukia askari na polisi. Basi tujiulize kwa uaminifu: askari aliyesimama kizuizini mchana kutwa akizuia malori ya makaa, sigiri yake nyumbani yatumia magunia mangapi kwa mwaka? Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo 1 ya makaa huenda ikahitaji kilo 5 hadi 10 za kuni. Kila gunia lililopotea bure jikoni ni mti ulioanguka bure porini. Hatusemi askari asipike. Twasema mfano mwema huanzia nyumbani kwa mwenye kutekeleza sheria.

SWALI LA KWANZA: MOTO UNAUNGUA SAWASAWA?

Tuanze na jiko la mafuta ya taa, ambalo bado hutumiwa na baadhi ya askari wasio na familia. Tazama rangi ya mwali. Mwali wa buluu ni mafuta yanayoungua yote. Mwali wa manjano wenye moshi ni mafuta yanayokimbia kabla ya kuungua, na masizi yanayoganda chini ya sufuria ni fedha yako iliyogeuka kuwa weusi. Dawa yake ni kuzikata tambi zote ziwe na urefu mmoja, kuzibadilisha zikiisha kuwa ngumu, na kusafisha matundu yanayopitisha hewa. Hii ni kazi ya robo saa kwa juma, na askari aliyezoea kusafisha bunduki hawezi kuiona kuwa ngumu.

Kuna makatazo yasiyo na msamaha. Usichanganye mafuta ya taa na petroli hata tone, maana petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata katika baridi kali, na jiko hulipuka. Usijaze mafuta jiko likiwa linawaka au lina moto. Wala usiweke mafuta ya taa katika chupa ya soda. Mtoto akiisha kuyanywa, usimtapishe, kwani mafuta yakirudi juu huingia mapafuni, mkimbize hospitali.

Kwa makaa, jambo la kwanza ni ukavu. Makaa yaliyonyeshewa hutumia sehemu ya joto lake kukausha maji yake yenyewe, na mnunuzi amelipia maji hayo kwa bei ya makaa. Yaweke mahali palipoinuka, chini ya paa. Chagua makaa mazito ya mti mgumu, yanayolia kama chuma yakigongana. Vumbi lililobaki chini ya gunia lisitupwe: likichanganywa na uji mwepesi wa unga wa muhogo, likafinyangwa na kuanikwa hadi likauke kabisa, huwaka polepole na hufaa kwa vyakula vinavyotaka moto mdogo.

SWALI LA PILI: JOTO LINAFIKA SUFURIANI?

Tulipokuwa makadeti tuliwahi kupewa kuni za kupimwa katika mazoezi ya porini. Seksheni yetu iliwasha moto mkubwa mahali peupe penye upepo, ikasimama kuuzunguka na kuusifu. Kuni zikaisha kabla ya posho kuiva. Wenzetu waliochimba shimo dogo nyuma ya kichuguu walikula, wakatuuliza kwa adabu kama tumeshiba moshi. Tangu siku hiyo hatujasahau kwamba moto mkubwa na moto mzuri ni vitu viwili.

Katika moto wa mafiga matatu ulio wazi, sehemu ya joto inayoingia katika chungu ni kama asilimia 10 hadi 15 tu. Sigiri ya bati tupu hufikisha kama asilimia 20 hivi. Sigiri iliyowekwa udongo uliochomwa ndani yake huvuka asilimia 25, na zilizo bora zaidi hupita hapo. Sigiri ya udongo tunayoiona leo katika masoko ya Afrika Mashariki ilitengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kufuata mfano wa jiko la Thailand. Siri yake ni nyepesi: bati hupitisha joto likaenda kuwapasha hewa na miguu ya mpishi, bali udongo hulizuia likabaki kwenye makaa.

Sigiri hiyo ni ghali kidogo kuliko ya bati, na hapo ndipo wengi tunaposhindwa. Tunaokoa shilingi elfu chache siku ya kununua, kisha tunalipa elfu chache kila juma mwaka mzima. Kabla ya kununua, gonga udongo wake usikie kama una ufa, na hakikisha mlango wa hewa unafunguka na kufungika. Mlango huo ndio kilimi cha bunduki yako. Ufungue unapowasha na unapotaka moto mkali. Chakula kikianza kuchemka, ufunge nusu au zaidi. Sigiri inayoachwa wazi muda wote ni sawa na askari aliyebana kilimi asikiachie.

Sufuria nayo iwe na upana wa kufunika moto. Sufuria ndogo juu ya sigiri kubwa huuacha moto upande pembeni na kwenda zake. Kinga ya upepo, hata ya matofali matatu au kipande cha bati, yatosha. Jikoni paendelee kupitisha hewa. Kinachokingwa ni moto peke yake. Na makaa yaliyobaki baada ya kupika yasiachwe yageuke majivu: yahamishwe kwa koleo katika mkebe wa chuma wenye kifuniko kinachobana, nje ya nyumba, yakose hewa na kuzimika. Kesho yatawaka tena.

SWALI LA TATU: JOTO LIKIINGIA, LINAKAA?

Hapa ndipo penye hasara kubwa kuliko zote. Watu wengi huamini kwamba maji yakichemka kwa kishindo chakula huiva upesi. Sivyo. Maji yakiisha kuchemka hayazidi joto hilo hata ukiongeza gunia zima la makaa. Kampala, penye mwinuko wa kama mita 1,200, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kabale, mita kama 2,000, ni nyuzi 93 hivi. Moto unaozidi hapo hauivishi. Hugeuza maji kuwa mvuke.

Na mvuke ni ghali. Kugeuza lita 1 ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunahitaji joto lipitalo mara 6 ya lile lililoyapandisha maji hayo kutoka ubaridi wa kawaida hadi mchemko. Sufuria ya maharagwe inayochemshwa bila kifuniko kwa saa tatu, ikaongezwa maji mara kwa mara hadi lita 3 zikaisha hewani, imekula zaidi ya kilo 1 ya makaa katika sigiri ya bati kwa ajili ya mvuke huo peke yake. Mvuke huo haukuongeza ladha wala kumshibisha mtoto. Kifuniko na moto mdogo vingeizuia sehemu kubwa ya hasara hiyo.

Basi maharagwe yalowekwe usiku kucha, maji hayo yamwagwe asubuhi, na mapya yatiwe. Yakichemka, funika na punguza moto. Mwenye sufuria ya presha ana faida zaidi, maana ndani yake maji hupita nyuzi 100, na muda hupungua sana. Faida hiyo ni kubwa hasa kwa walioko milimani, ambako maharagwe hukawia.

Maji ya kunywa nayo huchemshwa kupita kiasi. Kuua vijidudu kwatosha maji yafikie mchemko kamili kwa dakika 1. Penye mwinuko wa kupita mita 2,000, dakika 3. Baada ya hapo yaepue, yafunike, yapoe. Kuyaacha yatokote nusu saa hakuyaongezei usafi.

Kuna pia kapu la kuivishia, ambalo halitumii moto kabisa. Chombo cha namna hiyo kutoka Norway kilionyeshwa katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1867, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mama wa nyumbani wa Uingereza walihimizwa kutumia masanduku yaliyojazwa majani makavu. Chukua kapu kubwa, tandika ndani majani makavu ya mgomba au blanketi kuukuu, unene wa kiganja kila upande, acha nafasi ya sufuria katikati, na shona mto mnene wa kufunikia juu. Maharagwe yaliyolowekwa yachemshwe kwa nguvu dakika 10 kamili bila kupunguza, kwa kuwa maharagwe mekundu yana sumu isiyokufa kwa joto dogo. Kisha yaendelee kwa moto wa kawaida kama nusu saa. Futa chini ya sufuria isiwe na kaa lililonata, itie ndani ya kapu, funika, uende zamu. Baada ya saa tatu au nne yakague, yachemshe tena, na yaliwe. Yasilazwe humo usiku kucha, maana yakipoa yataharibika. Wali, ukichemka dakika chache, humalizikia humo bila kuungua wala kuchungwa.

Wenye mita ya umeme wajue kwamba mwaka 2022 Mamlaka ya Umeme ilianzisha bei nafuu ya mapishi kwa uniti za 81 hadi 150 za mwezi, shilingi 412 kwa uniti. Sufuria ya presha ya umeme huivisha maharagwe ya familia kwa chini ya uniti 1. Piga hesabu, ulinganishe na kopo la makaa la mtaani kwako.

BARIDI YA USIKU

Tumekwisha sema juu ya chakula. Sasa tuseme juu ya uhai. Wenzetu walioko Kabale, Kisoro, Kapchorwa na miteremko ya Rwenzori wanaijua baridi ya usiku wa manane. Wanaoishi katika vibanda vya duara vya bati, vile tuviitavyo unipoti, wanajua pia jinsi bati lisivyotunza joto hata kidogo. Kishawishi cha kuingiza sigiri chumbani na kufunga mlango ni kikubwa.

Sisi wenyewe tulikitii kishawishi hicho katika kituo kimoja cha milimani. Makaa yalikuwa mekundu, hayana moshi, tukadhani hayana madhara. Mwenzetu aliyetoka zamu alifungua mlango akatukuta tumelala kama magogo. Tuliburutwa nje vichwa vikitupasuka, miguu haina nguvu, mmoja akitapika. Angalichelewa kwa saa moja, pengine makala haya yasingaliandikwa.

Makaa yanayowaka hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Damu huishika hewa hiyo kwa nguvu inayopita mara 200 ya inavyoishika oksijeni, hivyo mtu hukosa pumzi akiwa anapumua, na hulala usingizi asioamka. Makaa yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya zaidi. Sigiri isilale chumbani, hata dakika za mwisho za makaa yake. Anayeumwa kichwa na kizunguzungu karibu na sigiri atolewe nje penye hewa mara moja, apelekwe kwa mganga.

Badala yake tufanye kama wale wa nchi za baridi: tulinde joto tulilo nalo. Baridi nyingi hutoka chini, kwa hiyo tandika mkeka na maboksi makavu chini ya godoro kabla ya kuongeza blanketi juu. Ziba upepo unaopita chini ya mlango kwa gunia lililokunjwa, lakini tundu la hewa la juu liachwe. Jaza maji ya moto katika chupa imara au kijerikeni kidogo kisichovuja, kifunge kwa taulo, kiweke miguuni. Maji hayo yaweza kutoka katika birika ya chai ya jioni, bila kuwasha moto wa pili. Soksi na kofia ya sufu ni nafuu kuliko gunia lolote.

HESABU NA NIDHAMU

Tunashauri kila nyumba iwe na daftari. Andika siku ya kununua gunia, bei yake, na siku lilipoisha. Mwezi wa kwanza usibadilishe chochote. Mwezi wa pili tumia kifuniko, loweka maharagwe, funga mlango wa sigiri. Linganisha. Tofauti utakayoiona ni yako mwenyewe, haikutoka katika gazeti.

Kisha fedha hizo zisiache jikoni zikaenda kupotea kantini. Jeshi lina Wazalendo SACCO, na polisi wana Exodus SACCO. Kiasi kilichookolewa kiwekwe huko siku ile ile ya mshahara, kabla hakijapata kazi nyingine. Makamanda nao wanaweza kusaidia, kwa kununua sigiri za udongo kwa pamoja ili bei ishuke, na kwa kuwaita wenye kota siku moja waonyeshwe namna ya kutengeneza kapu.

Haba na haba hujaza kibaba, na tone na tone hukimaliza vile vile. Askari hulinda mpaka wa nchi usivushwe na adui. Jioni hii, ndugu msomaji, uingiapo nyumbani, usivue hata buti: pita kwanza jikoni, uifunike ile sufuria.